Jinsi ya Kufanya Mazoezi Makali Bila Kuuharakisha Uzee

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam huwa tayari lina watu wanaokimbia. Wamo vijana wanaoshindana na saa zao za mkononi, wamo wafanyakazi wa ofisini wanaojiandaa kwa mbio za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, na wamo wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi ambao walianza mazoezi siku daktari alipowaambia kuwa presha imepanda. Swali ambalo watu hawa huulizana, na ambalo mimi pia nimeulizwa na ndugu na majirani mara nyingi, ni kama mazoezi yakizidi kiasi hayamzeeshi mtu kabla ya wakati wake. Wengine huamini kwamba moyo umepewa idadi maalumu ya mapigo, na kwamba anayekimbia sana anaimaliza mapema. Wengine huamini kinyume kabisa, kwamba zoezi lisilokuacha hoi ni kupoteza muda. Imani zote mbili zimewaumiza watu ninaowafahamu: ya kwanza imewakalisha kwenye viti, na ya pili imewapeleka hospitali.

Ninachokusudia kueleza hapa ni namna ya kufanya mazoezi makali kwa miaka mingi bila kuudhuru moyo, mifupa, figo na usingizi wako. Msimamo wangu, baada ya kulifuatilia jambo hili kwa muda mrefu, ni kwamba ukali wenyewe wa zoezi ni mara chache kuwa tatizo kwa mtu mwenye afya. Tatizo ni siku za ukali zinazofuatana bila mwili kupewa nafasi ya kujijenga upya.

Kwanza, woga usio na msingi

Tuanze na hesabu ya mapigo. Mtu asiyefanya mazoezi ambaye moyo wake hupiga mara 72 kwa dakika atatumia mapigo 103,680 kwa siku moja. Mwenzake anayekimbia saa moja kwa mapigo 150, na ambaye kwa sababu ya mazoezi hayo moyo wake umetulia hadi mapigo 55 wakati mwingine wote, atatumia 9,000 katika saa ile ya mbio na 75,900 katika saa 23 zilizobaki, jumla 84,900. Hata kama moyo ungekuwa na akiba ya kuhesabika, ambayo hauna, mkimbiaji ndiye angekuwa anaweka akiba.

Ushahidi wa tafiti kubwa nao unaelekea huko huko. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliowakusanya watu 661,137 kutoka katika tafiti za Marekani na Ulaya. Waliofanya mazoezi mara 3 hadi 5 ya kiwango cha chini kinachopendekezwa walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 39 ukiwalinganisha na wasiofanya chochote. Waliofanya mara 10 ya kiwango hicho au zaidi bado walikuwa na nafuu ya asilimia 31, sawa na waliotimiza kiwango cha chini tu. Maana yake ni kwamba faida hupanda kwa haraka mwanzoni, hufika kileleni, kisha huacha kuongezeka. Haikuonekana kugeuka kuwa sumu. Kiwango chenyewe, kama Shirika la Afya Duniani lilivyokitaja mwaka 2020, ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2.

Hata wanariadha wenyewe hawajaonekana kufa mapema. Waendesha baiskeli 786 wa Ufaransa walioshiriki Tour de France kuanzia mwaka 1947 walichunguzwa, na vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 41 kuliko vya Wafaransa wengine wa umri wao. Mwaka 2024 ulitoka utafiti uliowafuatilia wanaume 200 wa kwanza duniani kukimbia maili moja chini ya dakika 4, kundi lililoanza na Roger Bannister mwaka 1954 na ambalo katika miaka ya 1960 Mkenya Kipchoge Keino alikuwa na nafasi yake ndani yake. Ilionekana kwamba kwa wastani waliishi karibu miaka 5 zaidi ya ilivyotarajiwa. Ni haki kukumbusha kwamba watu wa aina hii walizaliwa na miili yenye nguvu, kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa mbio peke yake ndizo zilizowapa miaka hiyo. Lakini kama mazoezi makali yangekuwa yanamzeesha mtu kwa kasi, hawa ndio wangekuwa wa kwanza kutuonyesha.

Kinachomzeesha mtu upesi kuliko mbio ni kitanda. Mwaka 1966 huko Dallas, vijana 5 wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani kwa wiki 3 bila kuinuka, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukapimwa kabla na baada. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, wakiwa watu wazima wa miaka 50, ilionekana kwamba zile wiki 3 za kulala zilikuwa zimewapunguzia uwezo kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Mtu anayeacha mazoezi kwa kuogopa kuzeeka aikumbuke hesabu hiyo.

Mahali ambapo hatari ipo kweli

Pamoja na hayo, nisingependa msomaji adhani kwamba hakuna mpaka. Mipaka ipo, na inajulikana ilipo.

Wa kwanza ni wa mapigo ya moyo. Uswidi kuna mashindano ya kuteleza kwenye theluji yanayoitwa Vasaloppet, yenye urefu wa kilomita 90. Watafiti waliwafuatilia washiriki 52,755 waliomaliza mashindano hayo kati ya mwaka 1989 na 1998. Walioshiriki mara 5 au zaidi walikuwa na hatari ya kupata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio iliyozidi kwa karibu asilimia 30 ile ya walioshiriki mara moja, na waliokuwa na kasi kubwa zaidi walikuwa katika hali kama hiyo. Inadhaniwa kwamba vyumba vya juu vya moyo, vinapotanuliwa na wingi wa damu kwa saa nyingi na kwa miaka mingi, huweka makovu madogo ambayo huuvuruga umeme wa moyo. Utafiti mwingine wa watelezaji wa mashindano hayo hayo ulionyesha pia kuwa vifo vyao kwa jumla vilikuwa karibu nusu ya vilivyotarajiwa. Hakuna mgongano hapa: mtu anaweza kuishi muda mrefu kuliko jirani yake na bado akabeba tatizo moja ambalo jirani hana.

Wa pili ni wa seli zenyewe. Mwaka 2021 watafiti wa Uswidi waliwachukua watu 11 wenye afya, wakawaongezea mazoezi ya vipindi vikali kila wiki, kutoka dakika 36 hadi dakika 90, kisha 152 kwa wiki. Hadi dakika 90 hali iliendelea kuwa nzuri. Wiki ya dakika 152, mitokondria, ambazo ndizo jiko la nishati ndani ya seli, zilipungua sana utendaji, na miili ikaanza kushindwa kuidhibiti sukari kama ilivyokuwa ikifanya awali. Mazoezi yalipopunguzwa, sehemu kubwa ya uwezo ule ilirudi. Kundi la watu 11 ni dogo, lakini linachoonyesha kinalingana na wanachokiona makocha kila msimu: mwili uliokuwa unapanda huanza kushuka huku mwenyewe akizidi kujituma.

Mpaka wa tatu ni uchovu wa kupindukia, ule usioondoka kwa usiku mmoja wala wiki moja ya kupumzika, na ambao ukikomaa humchukua mtu miezi kuutoka. Huu ndio hufanana na uzee kwa sura yake yote: usingizi hukatika, hamu ya tendo la ndoa hupungua, mafua hayaishi, misuli hukonda na uso husinyaa. Wengi wanaoambiwa na jamaa zao kwamba mbio zimewazeesha wapo hapa. Habari njema ni kwamba hali hii hurudi nyuma mtu akipumzika na kula.

Kabla hujaongeza kasi

Aliyezoea kutembea tu asiingie moja kwa moja kwenye mazoezi makali. Ajipe wiki 8 hadi 12 za mbio za pole, kwa sababu moyo na mapafu huimarika ndani ya wiki chache, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi. Wengi wanaoumia huumia katika pengo hilo, pumzi zikiwa zimeshakubali na miguu bado.

Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, mwenye presha au kisukari, anayevuta sigara au aliyewahi kuvuta, na yeyote ambaye ndugu yake wa damu alifariki ghafla akiwa bado kijana, amwone daktari kwanza. Vipimo vya msingi ni presha, sukari, lehemu na kipimo cha umeme wa moyo. Hupatikana katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, na kwa tatizo linalohitaji bingwa, Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Mtu aliyewahi kuzimia akiwa katikati ya zoezi asikimbie tena hata siku moja kabla hajapimwa.

Kuna jambo jingine ambalo miongozo iliyoandikwa Ulaya hailipi uzito, nalo linatuhusu sana sisi: selimundu. Watu wengi wa Kanda ya Ziwa, wa Pwani na wa maeneo mengine yenye malaria nyingi wamerithi kinasaba kimoja cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na huishi maisha yao yote wakiwa wazima bila kujua. Utafiti wa mwaka 2016 uliowahusu wanajeshi weusi 47,944 wa Marekani haukuwakuta watu hawa wakifa zaidi ya wenzao, lakini ulikuta kwamba hatari ya misuli yao kuharibika na kumwaga protini kwenye damu, jambo linaloweza kuziua figo, ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 54. Mwenye kinasaba hicho anaweza kukimbia, na wengi hukimbia vizuri. Anachopaswa kuepuka ni kujisukuma ghafla kwa nguvu zote akiwa hajazoea, akiwa na kiu, kwenye joto kali au kwenye miinuko mirefu. Kipimo chake ni cha damu, na ni vyema kila anayeingia kwenye mazoezi makali akifanye mara moja katika maisha yake.

Kupima ukali wa zoezi

Waliosoma shule za msingi Tanzania wanakifahamu kipimo bora kuliko saa yoyote: mchakamchaka. Ule mwendo ambao mtu anakimbia huku akiitikia wimbo ndio mwendo wa pole. Ukiweza kuimba au kusema sentensi ndefu bila kukatika pumzi, upo mahali pa usalama. Ukiweza kutoa maneno matatu manne tu kisha ukavuta pumzi, umeingia kwenye ukali.

Anayependa tarakimu atumie hesabu hii: chukua umri wako, uzidishe kwa 0.7, kisha utoe jibu kutoka 208. Mtu wa miaka 40 atapata 180, ambacho ni makadirio ya mapigo ya juu kabisa ya moyo wake. Mwendo wa pole kwa wengi hubaki chini ya asilimia 75 hadi 80 ya hapo, yaani kati ya mapigo 135 na 144 kwa mtu huyo. Makadirio haya yanaweza kukosea kwa mapigo 10 hivi juu au chini, kwa hiyo pale ambapo saa na pumzi zinapingana, mimi huamini pumzi.

Sasa kosa kubwa la wakimbiaji wa mitaani ni kwamba kila siku wanakimbia kwa mwendo wa katikati, ambao ni mkali mno kuwa mapumziko na ni mpole mno kuwa mazoezi ya kasi. Ukiwaona wanariadha wa Iten, kule Kenya, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, jambo linalomshangaza mgeni ni upole wao wa asubuhi. Watu wenye uwezo wa kumaliza marathoni kwa saa 2 na dakika chache huanza mbio zao za siku ya kawaida kwa mwendo ambao hata mgeni anaumudu kwa kilomita za mwanzo. Kule Kaptagat, katika kundi la Eliud Kipchoge, siku zinazojulikana kuwa nzito ni Jumanne uwanjani, Alhamisi kwa mbio ndefu na Jumamosi kwa mbio za kubadilisha kasi. Siku zilizobaki ni za kukimbia pole, na mchana ni wa kulala. Waliochunguza ratiba za wanariadha wa michezo ya ustahimilivu katika nchi mbalimbali wamekuta kitu hicho hicho, kwamba takriban vipindi 8 kati ya 10 huwa vya pole. Kama bingwa wa dunia hawezi kuwa mkali kila siku, mwalimu anayesahihisha madaftari hadi saa nne usiku hana sababu ya kujaribu.

Wiki ya mtu mwenye kazi na familia

Kwa mtu mzima mwenye afya, mwenye kazi, na ambaye ameshajenga msingi wa miezi mitatu, ningependekeza siku 2 za ukali kwa wiki na zisifuatane. Tuseme Jumanne: dakika 15 za kupasha mwili, kisha vipindi 5 vya dakika 3 kwa kasi, kila kimoja kikifuatiwa na dakika 3 za kutembea au kukimbia pole, na mwisho dakika 10 za kuushusha mwili. Hapo dakika za ukali hasa ni 15 tu, na zinatosha. Siku ya pili iwe Ijumaa au Jumamosi, mathalani kwa dakika 20 za mwendo wa kasi ya wastani kwenye kilima. Siku mbili au tatu nyingine ziwe za mchakamchaka wa dakika 30 hadi 60, na siku mbili ziwe na mazoezi ya nguvu, ambayo kwa asiye na vyuma ni pushapu, kuchuchumaa na kusimama, na kupanda ngazi akiwa amebeba mzigo. Ibaki angalau siku moja isiyo na kitu ila kutembea.

Ukizijumlisha dakika za ukali peke yake, ningemshauri mtu wa kawaida asizidishe 60 kwa wiki. Hilo ni pendekezo langu, nikiangalia kwamba wale Waswidi walianza kuharibikiwa walipovuka 90, na wao hawakuwa na daladala za kugombania wala watoto wa kuamka nao usiku. Kila baada ya wiki 3 za kuongeza, wiki ya 4 ipunguze kilomita kwa theluthi moja. Wiki hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Mapigo ya asubuhi

Dalili ya kwanza ya kuzidisha huonekana kitandani, kabla ya kuonekana barabarani. Kila asubuhi ukiamka, kabla ya kusimama na kabla ya kushika simu, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Andika kwenye daftari dogo pamoja na saa ulizolala. Baada ya wiki mbili utakijua kiwango chako. Mapigo yakipanda kwa 7 au zaidi juu ya kiwango hicho kwa asubuhi mbili mfululizo, siku hiyo isiwe ya ukali, hata kama ratiba inasema hivyo na hata kama wenzako wa kikundi wanakungoja. Ikiwa wiki nzima ya upole haikuyashusha, kuna kitu kingine, na mara nyingi ni homa inayokuja, upungufu wa damu au msongo wa mawazo. Usingizi wa chini ya saa 7 kwa mtu anayefanya mazoezi makali ni deni, na mwili hulidai kupitia majeraha.

Chakula, hasa kwa wanawake

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu madhara ya mwanariadha kula pungufu ya nguvu anazotumia. Mwili unaonyimwa chakula hufunga kwanza shughuli unazoona zinaweza kusubiri: uzazi, ujenzi wa mifupa, kinga. Kwa mwanamke, hedhi ikikosekana kwa miezi mitatu bila ujauzito si ishara ya kuwa fiti, kama baadhi ya mabinti wanavyoambiwa na makocha wao; ni ishara kwamba mifupa imeanza kupoteza madini, na mifupa iliyopotezwa ukiwa na miaka 20 ndiyo utakayoikosa ukiwa na miaka 60. Hapa ndipo ninapoona mazoezi makali yakizeesha kweli, na huwapata zaidi wale wanaokimbia huku wakijinyima ili wapungue. Kwa wanaume dalili ni kupungua kwa hamu na nyufa za mifupa ya mguu zinazojirudia.

Siku ya mazoezi makali iwe siku ya kula zaidi. Ugali au wali usiogopwe. Maharage, dagaa, mayai na maziwa yawepo, na mlo wa kwanza usicheleweshwe zaidi ya saa moja au mbili baada ya zoezi. Katika mwezi wa Ramadhani, mwenye kufunga aziache siku za ukali au azihamishie usiku, saa mbili hivi baada ya futari, na azipunguze kwa nusu.

Joto, maji na dawa za maumivu

Katika miji ya pwani, zoezi lile lile lina uzito tofauti saa kumi na mbili asubuhi na saa nne, kwa sababu hewa yenye unyevu huzuia jasho kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kichefuchefu, kizunguzungu, maneno kuchanganyika na kusikia baridi kwenye jua kali ni dalili za kusimama, kutafuta kivuli na kumwagiwa maji.

Maji nayo yana kiasi chake. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 walikutwa na chumvi iliyoshuka chini ya kiwango, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita kiasi. Kunywa ukisikia kiu, si kila kituo kwa kuwa kipo.

Mkojo ukitoka na rangi ya Coca-Cola baada ya zoezi zito, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli imevunjika na figo zipo hatarini. Na mtindo wa kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya kuanza mbio ndefu uachwe kabisa, kwa kuwa dawa hizi hupunguza damu inayoingia kwenye figo wakati ule ule ambapo figo zinaihitaji.

Kuhusu magoti, ambayo huulizwa kuliko yote: tafiti zilizokusanywa mwaka 2017 zilionyesha kusagika kwa magoti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wanaoshindana kitaaluma. Mkimbiaji wa kawaida hana cha kuogopa.

Ukiwa na homa

Usikimbie ukiwa na homa, hata kidogo. Baadhi ya virusi vya mafua huingia kwenye msuli wa moyo, na zoezi kali wakati huo linaweza kuvuruga umeme wake na kuua. Mwenye malaria amalize dozi, kisha ajipe angalau wiki moja ya kutembea kabla ya mbio za pole, na wiki ya pili kabla ya ukali, kwa kuwa malaria hula chembe nyekundu za damu na moyo hulazimika kupiga zaidi kwa kazi ile ile.

Waliovuka miaka 50

Kwa watu wa umri huu siwaambii waache ukali, maana uwezo wa kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi kwa asiyefanya mazoezi, na ni vipindi vifupi vya kasi vinavyoupunguza mporomoko huo. Ninachowaambia ni kwamba nafasi kati ya siku moja ya ukali na nyingine iongezeke hadi saa 72, mazoezi ya nguvu yasiachwe, na marathoni kamili zisizidi 2 kwa mwaka, ingawa siku hizi kuna mbio za hisani karibu kila mwisho wa wiki na kila moja ina medali nzuri.

Aliyekimbia masafa marefu kwa miaka mingi ajifunze kuusikia mdundo wa mapigo yake, si idadi tu. Mapigo yakirukaruka bila mpangilio, ukipumzika au ukilala, au ukijikuta umechoka ghafla kwa kasi uliyokuwa ukiimudu, omba kipimo cha umeme wa moyo. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuleta kiharusi. Ina tiba, na wapo wanaopata nafuu kwa kupunguza kilomita tu.

Kusimama papo hapo

Maumivu ya kifua yanayobana na kupanda shingoni au mkono wa kushoto, pumzi kukata kuliko inavyolingana na mwendo, na giza machoni: dalili hizi zikitokea ukiwa unakimbia, simama, usimalizie kilomita iliyobaki. Katika wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni waliohesabiwa Marekani kati ya mwaka 2000 na 2010, moyo ulisimama kwa watu 59, na wengi wao walianguka katika robo ya mwisho ya mbio, pale ambapo umati unashangilia na mtu anaona aibu kutembea. Kati yao 42 walifariki. Waliookoka, wengi wao walikuwa na mtu jirani aliyeanza kuwakandamiza kifua mara moja.

Kwa hiyo kila kikundi cha jogging kiwe na angalau watu wanne waliofundishwa kazi hiyo: aliyeanguka na haitiki wala hapumui kawaida alazwe chali mahali pagumu, viganja viwili viwekwe katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, na kifua kisukumwe chini kwa sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita, huku mwingine akiita gari na kutafuta mashine ya kushtua moyo. Anayechoka apokelewe baada ya dakika 2. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha, na mafunzo ya siku moja yanatosha kuanzia.